Gitaa Lililovishwa Bati

Jumatatu, 3 Machi

Magauni ya kwaya tisa yamekwisha. Bado kumi na manne. Cherehani imeanza tena kukata uzi, nimeipaka mafuta. Mvua tangu asubuhi, Kigera yote matope, wateja wawili tu.

Jioni nilipita kanisani kukaza nyuzi za gitaa. Nafanyaga hivyo kila Jumatatu ili Jumanne ya mazoezi tusipoteze muda. Kabati liko wazi. Gitaa halipo. Mlinzi akasema mwenyekiti amelichukua jana mchana, kalifunga kwenye shuka.

Mwenyekiti wa kwaya ni Mwalimu Musira. Amestaafu shule lakini sisi bado tu wanafunzi wake. Nimempigia simu mara tatu, hapokei. Miaka kumi na moja napiga gitaa hilo, sijamwona akiligusa. Hata kulisogeza anaogopaga. Leo kalipeleka wapi?

Tarehe 29 tunakwenda Butiama kwenye tamasha la kwaya, na tutarekodiwa video. Wimbo wetu wa tatu unaanza na gitaa peke yake. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna sauti ya mtu. Ni mimi tu. Mwanzo huo niliutunga mwaka aliofariki mume wangu, Baba Bwire, nilipokuwa siwezi kusali kwa mdomo. Nautaka usikike Butiama. Sina kingine ninachokitaka mwaka huu.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi bila gitaa. Nimeimba sauti ya pili nikiwa nimekunja mikono. Nikamwuliza mwenyekiti. Akatabasamu. "Subiri Alhamisi, Mama Bwire, utafurahi mwenyewe."

Sipendi mtu anifurahishe bila kuniuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Gitaa limerudi. Limevishwa bati.

Naandika tena nione kama nitaamini. Limevishwa bati!

Chini ya nyuzi kulikuwa na viboksi viwili vyeusi. Elisha wa kinanda anaviita pikapu, mimi siku zote naviita sumaku, kwa sababu ndicho kilichomo: sumaku, na waya mwembamba uliozungushwa mpaka basi. Nyuzi za gitaa ni chuma. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, sumaku inasikia, spika inasema. Gitaa la umeme ni hilo tu. Mengine ni ubao na rangi.

Sasa Mwalimu Musira kaona kwenye simu kwaya fulani ina gitaa lenye vifuniko vinavyong'aa. Akaona letu liko uchi. Akalibeba hadi Bunda kwa shemeji yake, Fundi Mgendi, anayetengeneza matranka ya wanafunzi. Fundi akakata bati la tranka, akakunja vifuniko viwili, akavifunika juu ya sumaku na kuvishika pembeni kwa risasi ya kulehemu. Vinang'aa kweli. Unaweza kujitazama meno.

Watu walipiga vigelegele. Mchungaji akaitwa, akaweka mkono juu ya gitaa, akaomba. Ikatangazwa kuwa ni sadaka ya Fundi Mgendi. Amina ya nguvu.

Ndipo nikachomeka waya.

Sauti imekufa. Ni kama mtu anaongea kajifunika blanketi. Nikaongeza kwenye amplifaya, likapiga yowe, wiiii, sauti ya kwanza wote wakaziba masikio. Nikapunguza, likanyamaza. Mwanzo wa wimbo wa tatu nimeujaribu mara nne. Mara ya nne Mwalimu Musira kapiga makofi kama darasani na kusema mbele ya watu wote: "Mama Bwire, pumzika kidogo. Mikono nayo inachoka. Ni umri tu."

Umri! Nina miaka arobaini na tisa. Kwa mikono hii hii nimemshonea suti aliyovaa siku ananiambia hivyo.

Nikasema ni vifuniko. Akajibu vifuniko ni mapambo, havina waya, havina umeme, vitafanya nini? Watu wakacheka. Nyasatu jirani yangu ndiye peke yake hakucheka. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeunga mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia. Nimefumua. Nimeuunga tena kulekule. Nimezima cherehani na kwenda kulala saa moja.

Jumapili, 9 Machi

Leo wamenimaliza.

Baada ya ibada tuliambiwa tubaki. Mwenyekiti katangaza kuwa Butiama, mwanzo wa wimbo wa tatu utapigwa na Elisha. Kinanda chake kina kitufe, ukikibonyeza kinatoa sauti ya gitaa. Haya. Hilo ningelimeza kwa shida. Lakini hakuishia hapo. Kasema mimi nitasimama mbele, nimelivaa gitaa, nichezeshe vidole juu ya nyuzi. Waya usichomekwe. Kwa sababu sadaka ya shemeji lazima ionekane kwenye video.

Nichezeshe vidole!

Niwe sanamu ya dukani, ile wanayoivisha gauni na kuitoa barazani. Mwanzo nilioutunga mwenyewe utoke kwenye kitufe, na mimi nitikise vidole na kukenua meno kwenye kamera. Tena kanisani. Tena kwenye wimbo wa kumwambia Mungu ukweli.

Nilisema sifanyi. Mwalimu Musira akasema kwaya si ya mtu mmoja, na kama sitaki, gauni langu atavaa mwingine. Gauni ninaloshona mimi. Elisha alikuwa anaangalia viatu vyake. Alinifuata mpaka getini: "Dada, mimi sijaomba hiki kitu." Najua hakuomba. Sikumjibu, na hilo nalo linanikera.

Jumanne, 11 Machi

Sikwenda mazoezini. Niliwaambia nina homa. Uongo. Nina hasira.

Jioni nikawa naokota pini sakafuni. Nina sumaku kubwa ya spika ya redio iliyokufa. Baba Bwire aliifungia kamba ili nisiiname, naiburuta chini na pini zinaifuata zenyewe. Leo nimeiburuta juu ya mfuniko wa kopo la biskuti uliokuwa umeanguka juu ya pini. Sumaku ikang'ang'ania mfuniko. Nikauondoa mfuniko taratibu, nikashusha sumaku tena bila kugusa. Pini zikaruka.

Nikakaa chini hapohapo.

Nimepanga pini mezani. Sumaku kwa juu, kimo cha kidole: zinaruka. Nimeingiza karatasi katikati: zinaruka. Kitambaa mikunjo minne: zinaruka. Mfuniko wa bati: hazijongei. Bati limeinywa nguvu yote ya sumaku, hakuna kilichovuka. Nimerudia mpaka chai ikapoa.

Kwa hiyo nyuzi zangu zinatikisika bure. Sumaku ya gitaa haizisikii, imekumbatiwa na tranka.

Si mikono. Si umri. Jamani, si mikono yangu! Nimecheka peke yangu kama kichaa, halafu nikalia, halafu nikakasirika upya.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Mwalimu Musira na pini kwenye bahasha, sumaku na mfuniko wa kopo. Mke wake kanikaribisha chai. Nikamwaga pini mezani mbele yake.

Hakutazama. Alikuwa anatazama sura yangu. "Mama Bwire, unataka nimpigie shemeji nimwambie njoo uchukue sadaka yako? Kitu kimeombewa madhabahuni, tukibandue kwa bisibisi?"

Nikasema tazama hizi pini tu. Akasema wivu haufai kwa mjane wa heshima.

Wivu! Nimemwonea wivu nani? Bati?

Nimeokota pini zangu moja moja. Pini mbili zimebaki kwenye zulia lake, na sijutii.

Nikiwa nimetulia naandika pia upande wake, maana daftari hili halina wa kumpendeza. Sadaka ikirudishwa, Mgendi hataingia tena nyumba ile. Mtu humrudishi shemeji kitu alichotoa mbele ya watu. Kwetu Bugwema nimeona undugu ukivunjika kwa jambo dogo kuliko hilo. Naelewa. Lakini anayelipia heshima hiyo ni mimi peke yangu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepitisha sumaku kwenye kila kitu ndani ya nyumba, natafuta cha kufunikia kisichoshikwa. Kijiko, inashika. Bawaba, inashika. Chungio la chai, inashika. Sufuria ya alumini haishiki, lakini alumini haikubali risasi, hilo nalijua kwa sufuria zangu zilizotoboka.

Juu ya kabati iko karabai ya Baba Bwire. Alivulia dagaa kwa taa hiyo miaka yote, mpaka zilipokuja taa za sola akaitungika. Tangi lake ni shaba. Ngozi ya juu imechubuka, chini ni njano. Nimeigusisha sumaku. Imeteleza na kuanguka chini.

Nimegusa tena. Imeteleza. Nikaweka pini ndani ya tangi, sumaku nje. Pini imepanda ukuta wa tangi.

Basi. Nimejua dawa, vifuniko vya shaba, na shaba yenyewe ni hiyo.

Nimeishusha na kuifuta vumbi. Bado inanuka mafuta ya taa. Nimelia kidogo. Sikutaka iwe hii.

Ijumaa, 14 Machi

Nimekwenda Bunda. Nilipanga maneno makali njia nzima. Kufika Kiabakari nilikuwa nimeshamtukana Mgendi kichwani mara mbili.

Nikakuta mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, amekaa katikati ya matranka na nyundo. Nikamwamkia. Akaacha kazi akanipa kigoda. Maneno yangu makali yote yakaniishia.

Hajawahi kusikia gitaa lile. Aliletewa likiwa kimya na akalirudisha kimya. Nikamwaga pini juu ya tranka, pini zikalala palepale. Akacheka, akaniletea ubao. Nikamwonyesha: karatasi, kitambaa, kipande cha bati lake mwenyewe.  Akaichukua sumaku, akafanya mwenyewe mara tano, sita. Akavua miwani.

"Kumbe nimeliziba mdomo."

Halafu akasema jambo lililonipandisha joto upya. Siku ile alimwambia shemeji yake: niache wiki moja, nitafute shaba, vitu vya muziki nimeona vinakuwaga vya shaba. Mwalimu Musira akakataa. Bati linang'aa zaidi, na anataka Alhamisi.

Kwa hiyo aliambiwa! Aliambiwa kabla! Na mimi nikaambiwa nimezeeka.

Nikatoa karabai kwenye mfuko. Mgendi aliitazama sana. Akauliza ya nani. Nikamwambia. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kata kabla sijabadili mawazo. Akalikata tangi kwa mkasi wa bati. Nilitoka nje nikasimama barabarani mpaka ile sauti ikaisha.

Tatizo la sadaka nalo kalimaliza kwa sentensi moja. Sadaka ni yake. Mwenye sadaka ndiye anayejua kama imekamilika.

Jumanne, 18 Machi

Mgendi kaja mazoezini bila kumwambia mtu. Kaja na jiko la mkaa, koleo, na mfuko wake wa zana. Mwalimu Musira kumwona akaenda mbio kumpokea, "Shemeji, karibu, karibu!" na kutuambia tusimame.

Mgendi hakukaa. "Nimekuja kumalizia sadaka yangu. Ile ilikuwa nusu. Naomba gitaa."

Nani atamkatalia? Mchungaji kaitikia amina. Mwenyekiti mwenyewe kalileta. Nilifurahi sana, na furaha yenyewe haikuwa ya Kikristo hata kidogo.

Kazi kaifanyia nje kwenye benchi, nimemshikia gitaa. Kwanza kalegeza nyuzi, kisha kafungua skrubu na kuzitoa sumaku zote mbili juu ya kitambaa. Kapasha kipande cha shaba chenye mpini kwenye mkaa, kagusa risasi pembeni, bati likaachia. Chini yake sumaku zangu nyeusi, nzima. Nilizipuliza vumbi.

Yale mayowe niliyomweleza nayo alishayafikiria. Kasema bati lilikuwa linacheza lenyewe juu ya sumaku, kuna upenyo, kitu chochote chenye upenyo kinalia. Akaomba vipande vya mishumaa ya madhabahuni vilivyobaki. Tukaviyeyusha kwenye kopo, akamimina kidogo ndani ya kila kifuniko kipya cha shaba, akakibonyeza juu ya sumaku mpaka nta ikajaa.

Kabla ya kumimina alinigeuzia vile vifuniko nione ndani. Kwa msumari, herufi ndogo: KARABAI YA BABA BWIRE. Kwenye vyote viwili. Nta ikafunika maandishi.  

Nimefunga nyuzi, nimekaza, nimechomeka.

Sauti si ileile ya zamani kabisa, juu imelainika kidogo. Lakini iko hai! Nilipiga mwanzo wa wimbo wa tatu mara moja tu. Nyasatu alikuwa analia waziwazi. Elisha kainuka kwenye kinanda na kukaa benchi la sauti ya nne, bila kuambiwa na mtu.

Mwalimu Musira kasema: "Nilijua tu vile vya kwanza vilikuwa vya kujaribia."

Nilijua tu!  Mimi nilikuwa na mdomo umejaa maneno na nimeyameza kwa sababu ya Mgendi. Kwa sababu ya Mgendi tu.

Alhamisi, 20 Machi

Mazoezi mazuri. Hakuna aliyeniomba radhi. Wananiita tena "mpiga gitaa wetu". Waliocheka ndio wanaosifu zaidi.

Magauni yamebaki matatu.

Jumamosi, 29 Machi

Butiama. Tumerudi sasa hivi, miguu inawaka.

Kwaya nyingi, jua kali, vumbi la miguu. Tulikuwa wa tano. Kabla ya wimbo wa tatu Mwalimu Musira kachukua kipaza sauti. Kaeleza vifuniko vya gitaa, jinsi yeye alivyopata maono, jinsi shemeji yake alivyotoa sadaka. Mpiga video kasogeza kamera mpaka karibu na nyuzi. Neno karabai halikutajwa. Jina langu halikutajwa. Mgendi alikuwa kwenye viti vya wageni, kainamisha kichwa kwa aibu ambayo si yake.

 Nilitaka kuvua gitaa na kushuka. Kisha nikakumbuka kilichoandikwa chini ya nta. Nikaangalia kamera ilipokuwa inaangalia. Mnamrekodi Baba Bwire na hamjui.

Nikapiga. Sikukosea hata pahali pamoja. Hata akina mama wa chai waliacha kugonga vikombe. Mwisho wa mwanzo ule huwa naacha uzi mmoja ulie mpaka uishe wenyewe. Leo uliishia mbali.

Mgendi alinishika mkono baadaye. "Sasa nimelisikia," akasema.

Jumatano, 2 Aprili

Kazi kidogo leo. Mashati mawili, zipu moja.

Vile vifuniko vya bati Mgendi aliniachia. Nimevilaza kichalichali kwenye meza ya cherehani, juu ya ile sumaku. Imevishika imara, natunzia pini humo. Hazimwagiki tena hata meza ikitikisika.

Mchana kaja Mwalimu Musira na suruali ya sare. Inambana kiunoni, ameficha kwa mkanda Butiama nzima. Nikampima. Nilipokuwa naandika vipimo aliviona vifuniko. Akavijua.

Akaokota pini moja na kuiweka mezani. Akaibandua sumaku chini ya vifuniko, akaipitisha juu. Pini ikaruka. Akaitoa. Akaweka kifuniko katikati, akapitisha tena. Pini haikujongea. Akafanya mara ya tatu, na ya nne, polepole, miwani puani, kama anasahihisha daftari.

Niliendelea kuandika vipimo vilivyokwisha.

Akarudisha pini mahali pake.  Halafu akauliza, "Suruali niifuate lini, Mama Bwire?"

"Jumamosi, Mwalimu."

Akaitikia kwa kichwa. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, kanipa mgongo, kisha akaenda.

Sijamsamehe. Suruali nimeianza.